Wakuu wa kampuni wanapoamua kujisemea mtandaoni

Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya serikali ilipotangazwa Februari 2018, mji wa Elburgon, ambao kwa miongo mingi umetegemea mbao, ulipata pigo kubwa. Marufuku hiyo iliyokusudiwa kudumu siku 90 iliendelea kwa miaka, hadi Rais William Ruto alipotangaza mjini Molo, Julai 2023, kwamba imeondolewa.

Katika hali kama hiyo, mwenye kiwanda anaweza kunyamaza na kuwaachia wengine wamsemee. Anaweza pia kuwaeleza wateja, vibarua na majirani mwenyewe: magogo yaliyosalia yatatosha hadi lini, nani atalipwa na nani asubiri. Blogu ni njia mojawapo ya kufanya hivyo.

Blogu ni shajara iliyo wazi mtandaoni, ambayo mwenyewe huiongezea habari mara kwa mara na wasomaji huweza kumjibu. Tofauti na taarifa inayopelekwa magazetini, haipiti mikononi mwa mhariri. Hiyo ndiyo faida yake na, mhariri yeyote atakwambia, ndiyo hasara yake.

Nchini Marekani, Jonathan Schwartz wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems alianza kuandika blogu mwaka 2004. Alipokuwa afisa mkuu mtendaji mwaka 2006, aliiomba mamlaka ya masoko ya hisa ya nchi hiyo ikubali blogu kuwa mahali pa kutangazia habari za kampuni. Mwaka 2008 mamlaka hiyo ilitoa mwongozo ulioruhusu tovuti kutumiwa hivyo, kwa masharti.

Anayedhani kazi hii ni ya vijana na amtazame Bill Marriott, mkuu wa hoteli za Marriott, aliyeanza blogu Januari 2007 akiwa na umri wa miaka 74. Hakuwa akichapa mwenyewe. Alisema maneno yake kwenye kinasa sauti na wafanyakazi wakayaandika. Hoteli ya Islamabad iliposhambuliwa kwa bomu Septemba 2008, aliomboleza hapo hapo kwenye blogu.

Kwa wakazi wa Nakuru, mfano wa karibu zaidi haukutoka kwa mfanyabiashara. Mwaka 2012 Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja, alipata sifa kwa kutumia Twitter. Wezi walipovamia nyumba ya mwalimu alfajiri moja, ujumbe wake uliwakusanya wakazi kwa dakika chache na wezi wakatimka. Wengi hawakuwa na kompyuta. Ujumbe uliwafikia kama arafa katika simu za kawaida. Ulisomwa kwa kuwa ulikuwa mfupi, ulikuwa na manufaa, na ulitoka kwa mtu waliyemjua. Bob Collymore, aliyeongoza Safaricom tangu Novemba 2010 hadi alipofariki Julai 2019, naye alikuwa akiwajibu wateja mwenyewe kwenye mtandao huo.

Hata hivyo, ulimi usio na mlinzi huponza. Julai 2007 ilibainika kwamba John Mackey, mkuu wa maduka ya Whole Foods nchini Marekani, alikuwa ameandika mtandaoni kwa miaka kadhaa kwa jina bandia, akiisifu kampuni yake na kuishusha Wild Oats, mshindani ambaye baadaye alitaka kumnunua. Aliishia kuomba radhi.

Nchini Kenya sheria nayo imekaza kamba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda hata sura ya mtu, na Septemba 2023 kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi kilitozwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mwenye kiwanda cha mbao anayetaka kuwaonyesha wasomaji kibarua wake akiwa kwenye msumeno, basi, na aanze kwa kumwomba idhini.