Pratunam, soko la Bangkok linalowafundisha wafanyabiashara wa mipakani kuhesabu upya

SAA kumi na moja alfajiri Pratunam imeshaamka. Chini ya taa zilizoning'inizwa kwenye miamvuli, wauzaji wanamwaga nguo kwa mafungu pembezoni mwa barabara: magauni, fulana, suruali za watoto, blauzi za ofisini. Wanunuzi wanapita kwa kasi, mfuko mkubwa begani, na hakuna anayesimama mahali pamoja zaidi ya dakika mbili.

Katikati ya umati huo wa Bangkok, mji mkuu wa Thailand, wamesimama wanawake wawili kutoka Afrika Mashariki. Mmoja ni mama wa makamo kutoka Namanga, upande wa Tanzania, na hii ni mara yake ya tisa kufika hapa. Mwingine ni dada wa miaka 28 kutoka Busia, Kenya, ambaye hajawahi kuvuka bahari kabla ya safari hii. Walijuana ndani ya ndege iliyotoka Nairobi.

Dada wa Busia ameshika gauni la maua na haliachii. Jana mchana, saa chache baada ya kutua, alinunua magauni 60 ya aina hiyohiyo katika duka lenye kiyoyozi, kwa baht 200 kila moja. Hapa barabarani muuzaji ameandika 160 kwenye kikokotoo chake. Kitambaa ni kilekile, hata lebo ni ileile. Baht 2,400 zimekwenda, karibu dola 70.

Fedha hizo si zake peke yake. Kati ya dola 3,000 alizotoka nazo nyumbani, dola 1,800 ni za akina mama 12 wa chama chake, kila mmoja akiwa ametoa sawa na dola 150. Wapo wanaouza samaki, wapo wanaouza mitumba, na mmoja ametoa akiba ya karo ya mtoto.

"Mwanangu, huku siku ya kwanza hainunuliwi kitu," mama wa Namanga anamwambia kwa upole. "Siku ya kwanza ni ya miguu, ya pili ni ya daftari, ya tatu ndiyo ya pesa."

Joto la pwani, boti za mferejini

Kwa anayetoka pwani yetu, hewa ya Bangkok si ngeni. Joto lake ni kama la Mombasa na Dar es Salaam, zito na la kutoa jasho, na katika miezi ya mvua, kati ya Mei na Oktoba, mtaa unaweza kujaa maji kwa muda mfupi. Magari hupita kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania. Wanaotoka Rwanda, Burundi na Kongo ndio wanaolazimika kutazama mara mbili kabla ya kuvuka.

Wageni wengi husema kilichowagusa kwanza ni usafiri. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, uliofunguliwa mwaka 2006, una reli ya kwenda mjini tangu 2010. Anayeshuka kituo cha Ratchaprarop anaweza kufika Pratunam kwa miguu, na nauli ni ndogo sana ukilinganisha na teksi. Treni za umeme zinazopita juu ya barabara zilianza mwaka 1999. Pikipiki za abiria nazo zipo kila kona, na madereva wake huvaa vizibao vya rangi ya machungwa, jambo ambalo waendesha bodaboda wa kwetu wangelielewa mara moja.

Jina Pratunam maana yake ni lango la maji, kwa sababu ya lango lililojengwa katika mfereji wa Saen Saep. Mfereji huo ulichimbwa katika karne ya 19, na hadi leo unatumika kama barabara. Boti ndefu hupakia wafanyakazi wa ofisini na wachuuzi, huku abiria wa pembeni wakivuta turubai la plastiki ili wasirushiwe maji machafu. Kutoka gati la Pratunam mfanyabiashara anaweza kupanda boti hadi Bobae, soko jingine kubwa la nguo za jumla, wakati magari yamekwama juu barabarani.

Matunda ndiyo yaliyomshangaza dada wa Busia. Mwenzao kutoka Unguja, waliyefikia naye hoteli moja, alikuwa akiyataja kwa majina bila kuuliza: shokishoki, doriani, fenesi. Mchuzi wa tui la nazi nao ulimfanya aseme kwamba yuko nyumbani. Kitu kimoja tu alikatazwa, nacho ni kuingiza doriani chumbani. Hoteli nyingi za Bangkok zimepiga marufuku tunda hilo kwa sababu ya harufu yake.

Kwa Waislamu, chakula halali si shida. Katika kichochoro cha 7 cha barabara ya Phetchaburi, si mbali na Pratunam, kuna msikiti wenye migahawa ya halali jirani yake. Eneo la Nana, barabara ya Sukhumvit, lina mtaa mzima wa migahawa ya Kiarabu ambako Waafrika wengi hukutana jioni na kupeana habari za bei na za mizigo.

Kikokotoo ndicho mkalimani

Kithai hawakijui, na wauzaji wengi wanajua Kiingereza cha kuuzia tu. Biashara huendeshwa kwa kikokotoo. Muuzaji anaandika bei, mteja anaifuta na kuandika yake, na kifaa kinakwenda na kurudi hadi mmoja atabasamu. Mama wa Namanga anasema kosa la wageni ni kupandisha sauti kama walivyozoea sokoni kwao. Hapa anayefoka huonekana amekosa adabu, na mara nyingi bei haishuki tena. Anayesalimia kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa kidogo hupokelewa vizuri.

Katika majengo makubwa ya nguo, kama Platinum lililo karibu na soko la barabarani, maduka mengi yana bei mbili: ya nguo moja, na ya kuanzia tatu. Anayechukua kwa dazeni huomba bei ya tatu. Dada wa Busia hakujua. Alilipa bei ya nguo tatu kwa nguo 60, kwa sababu hakuomba.

Mfanyabiashara kutoka Bujumbura, aliyekutana nao kwenye ngazi za jengo hilo, hutembea na tepu ya fundi cherehani mfukoni. Anasema nguo nyingi huuzwa kwa saizi moja, na saizi hiyo imekatwa kwa miili membamba. Safari yake ya pili alirudi na blauzi ambazo wateja wake walizipenda machoni lakini hazikupita mabegani. Siku hizi hapimi kwa macho.

Jambo la pili analolitazama ni lebo. Sehemu ya nguo zinazouzwa Pratunam zimetoka China, na bei yake tayari ina faida ya mtu mwingine. Anayezitaka hizo ni bora aangalie soko la Guangzhou. Bangkok inafaa kwa nguo zilizoshonwa Thailand kwenyewe, kwa mitindo inayobadilika haraka, na kwa mtaji mdogo ambao kiwanda cha China hakiwezi kuupokea.

Wapo pia wanaoulizia kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini humo ni asilimia 7. Mtalii hurejeshewa kwa bidhaa alizonunua katika maduka yenye alama ya huduma hiyo, akijaziwa fomu dukani na kuondoka na bidhaa hizo mwenyewe kwa ndege. Mzigo unaotumwa kwa watu wa kago hauhusiki, wala wauzaji wa barabarani hawana fomu hizo.

Makosa yanayogharimu kuliko bei

Wenye uzoefu wanasema mgeni anaweza kupoteza mtaji bila kununua kitu kibaya. Kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Thailand inakidai kwa wasafiri kutoka nchi zetu, na chanjo inapaswa kuwa imepigwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Dawati la afya hutangulia dawati la uhamiaji.

Pili ni siku za viza. Anayezidisha muda hutozwa baht 500 kwa kila siku, hadi kufikia baht 20,000, na anaweza kuzuiwa kurudi. Tatu ni sheria ambazo kwetu hazijulikani sana. Sigara za kielektroniki ni marufuku. Kumtukana mfalme ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 15, na hata noti yenye picha yake haikanyagwi. Wimbo wa taifa hupigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni katika vituo na bustani, na watu husimama. Mgeni naye husimama.

Nne ni dereva wa bajaji anayemwambia mgeni kwamba kasri la mfalme limefungwa leo, kisha kumpeleka kwenye duka la vito. Ni mtego wa zamani. Anayeuziwa kito kwa namna hiyo hukuta nyumbani kuwa bei aliyolipa haina uhusiano na jiwe alilobeba. Mwisho ni kalenda: katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Kithai, Songkran, na maduka mengi hufungwa huku mji mzima ukimwagiana maji.

Mzigo hupimwa mara mbili

Siku ya tatu dada wa Busia alikuwa tayari kununua makoti mepesi yenye pamba ndani, akiwafikiria wateja wa Eldoret na Kericho kwenye baridi. Bei ilikuwa nzuri. Mama wa Namanga akamwomba asubiri, wakaenda kwanza kwa watu wa kago.

Kule alijifunza kwamba mzigo wa ndege hupimwa mara mbili: kwa mizani na kwa ukubwa wa boksi. Urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa pamoja, kisha hugawanywa kwa 6,000. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20, hata kama makoti yaliyomo yana uzito wa kilo 9. Mteja hulipia namba iliyo kubwa. Fulana nzito zilizokunjwa vizuri hazina tatizo hilo. Makoti aliyaacha.

Hesabu inamalizikia mpakani

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa mipakani wanapokosea, kwa sababu wamezoea bidhaa za ndani ya Jumuiya. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye cheti cha uasili kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama tu. Nguo za Bangkok hazimo, hata zikiwa kumi, hata kama anayezivusha ni mkazi wa mpakani anayejulikana na kila ofisa.

Ushuru wa pamoja wa forodha una viwango vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Kiwango cha juu kilianza Julai 2022, na nguo zimo ndani yake, ingawa nchi wanachama huweza kuruhusiwa kutumia viwango tofauti mwaka hadi mwaka. Kwa mfano wa Kenya, nguo zenye thamani ya dola 1,000 forodhani kwa kiwango cha asilimia 35 huzaa ushuru wa dola 350. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya dola 1,350, yaani dola 216. Hizo ni dola 566 kabla ya ada nyingine, na kabla ya nauli ya mzigo.

Baadhi ya watu wa kago hutoza bei moja ya kilo inayojumuisha ushuru. Mama wa Namanga huitumia huduma hiyo, lakini hudai nakala ya nyaraka za forodha. Bila karatasi hizo, anasema, mzigo uliolipiwa Nairobi au Dar es Salaam hauna mtetezi ukisimamishwa njiani, na mteja wa upande wa pili wa mpaka hana cha kuonyesha.

Daftari la Busia

Dada wa Busia alirudi baada ya siku saba. Mzigo wake ulifuata wiki mbili baadaye: fulana, magauni ya watoto, na yale magauni 60 ya maua. Katika daftari lake kila nguo ilikuwa na mistari mitano: bei ya Pratunam, sehemu ya nauli ya ndege, kago, ushuru, na bei ya kuuzia Busia. Baadhi ya nguo zilizoonekana rahisi Bangkok ziliacha faida ya shilingi chache tu. Fulana za watoto, ambazo hakuzitegemea, ndizo zilizobeba safari.

Katika kikao cha chama aliwasomea wenzake hesabu yote, pamoja na baht 2,400 za siku ya kwanza, ingawa hakuna ambaye angeijua bei ya barabarani kama yeye asingeisema. Mwenye akiba ya karo aliuliza fedha zake zitarudi lini, akaonyeshwa mstari. Mweka hazina aliandika hasara hiyo kwenye kitabu, chini ya nauli, kisha kikao kikaendelea na suala la nani ataongozana naye safari ijayo.