Chini ya Sakafu ya Msikiti wa Shanga

Nalikwenda Ndhiwa kwa arusi ya mwana wa rafiki yangu. Asubuhi ya pili nikaambiwa, shika njia ya vumbi uingie upande wa Migori, utaiona Thimlich Ohinga. Nikaenda. Naam, msomaji, ni kuta za mawe matupu, jiwe juu ya jiwe, pasi chokaa wala udongo, na penginepo zapita kimo cha watu wawili. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia. Ndani ya maboma hayo mna mazizi ya ng'ombe.

Kijana wa Kijaluo aliyenitembeza akaniuliza: "Mzee, nyinyi watu wa Lamu mna misikiti ya mawe. Kabla ya mawe palikuwa na nini?"

Swali hilo lilinichoma. Mimi nilikulia katika kuamini kwamba uungwana ulituijia na jahazi, umekwisha kamilika, na chokaa yake. Basi tukaketi kivulini, nikamsimulia habari za Shanga.

Shanga ni mahame, kusini-mashariki ya kisiwa cha Pate. Mtaalamu wa Kiingereza, Mark Horton, alianza kuchimba hapo mwaka 1980, akaendelea katika miaka iliyofuata. Katikati ya mahame pana gofu la msikiti wa Ijumaa, wa mawe, wa mnamo mwaka 1000. Huo peke yake ni mkongwe kuliko maandishi ya kibla ya Kizimkazi, Unguja, tuliyozoea kujivunia, yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107.

Wakachimba chini ya sakafu. Wakakuta msikiti juu ya msikiti. Chini kabisa hapakuwa na ukuta, palikuwa na safu za matundu tu. Nguzo ya mti huoza, lakini tundu lake hujaa udongo wa rangi nyingine, na mchimbaji mwangalifu hulisoma kama mwanachuoni asomavyo herufi iliyofifia. Kumbe palikuwa na kibanda kidogo cha nguzo na fito, watu wakisali ndani yake baina ya mwaka 750 na 780. Hiyo ni karne ya pili ya Hijra. Baghdad yenyewe ilianza kujengwa mwaka 762!

Tena vyungu vya watu hao vilikuwa, vingi mno, vya udongo wa papa hapa, vya namna moja na vilivyookotwa pwani nzima hata bara ya mto Tana. Vya ng'ambo vilikuwa vichache. Zikapatikana pia sarafu ndogo sana za fedha, zenye majina kama Muhammad na Abdallah kwa hati ya Kiarabu, na yaelekea zilipigwa papo hapo. Msikiti huo ulikuwa ndani ya ua wa katikati ya mji, kando ya kisima. Niliposema "ua", kijana akageuka kulitazama zizi.

Lakini lililonikaa moyoni ni kibla. Kutoka Shanga, Makka iko karibu kaskazini barabara. Msikiti wa kwanza ulielekea mbali upande wa magharibi. Kila walipojenga upya baadaye walizidi kuusogeza, hata wa mawe ukakaribia sawa. Labda mmoja wao alikwenda hija akarudi na habari. Labda nahodha fulani aliwaonyesha nyota. Mimi sikuona haya kwa kosa lao. Waliswali kwa walichokijua, na walipojua zaidi wakang'oa nguzo.

Sasa niseme langu. Mtaani kwetu tulivunja msikiti wa kale tukajenga mpya, nami nilichanga. Mafundi walipochimba msingi walitoa vigae vya vyungu, vyeusi kwa moshi, toroli baada ya toroli, vikaenda kufukia shimo la barabara. Niliviona kwa macho yangu. Hatukumwita mtu wa makumbusho. Ilikuwa Shaabani, na tulitaka paa liwe tayari kabla ya tarawehe.

"Na huo wa kwenu, mzee," kijana akauliza, "chini yake walikuta nini?"

Nikamwambia tulimwaga zege.