Fuawe ya Tani 27

Mimi ni muuza vipuri mjini Bariadi. Plau, minyororo ya maksai, boliti, beringi za mikokoteni, springi kuukuu za malori: mali yangu yote ni chuma, na chuma nakijua kwa kilo. Ndiyo maana mpwa wangu aliponiambia kwamba kwenye Minecraft, mchezo anaoucheza kwa simu yangu dukani wateja wakipungua, fuawe moja inatengenezwa kwa matofali 31 ya chuma, nilimwuliza swali ambalo mwenyewe hakuwa amelifikiria. Tofali moja lina uzito gani?

Hakujua, lakini mchezo wenyewe unatoa vipimo. Dunia yake yote imejengwa kwa mabonge ya mita moja kila upande, na matofali tisa ya chuma yanafanya bonge moja. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,870 hivi. Kwa hiyo kila tofali ni kama kilo 870, na fuawe nzima inafika tani 27. Huo ni mzigo wa semi, tena iliyojaa. Kijana wa kwenye mchezo anautembeza mfukoni huku anakimbia, na humo humo ana kitanda na nyama ya kuku.

Nilicheka, kisha nikamwambia anionyeshe inavyotengenezwa. Fuawe, kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama kwenye kibanda cha mhunzi, ni kile chuma kizito kinachokaa chini ya kitu kinachofuliwa, kikipokea nyundo siku nzima. Kwenye Minecraft huifikii mara moja. Unaanza mikono mitupu: unakata mti, unapata mbao, unatengeneza meza ya kazi, halafu sururu ya mbao. Sururu hiyo ukiipeleka kwenye mawe ya chuma itayavunja kweli, ila hutaokota kitu, kwa hiyo lazima kwanza uchimbe mawe ya kawaida upate sururu ya mawe. Tanuru linajengwa kwa mawe manane. Kipande kimoja cha makaa kinayeyusha vipande vinane vya chuma, kila kimoja sekunde 10, hivyo matofali 31 yanakula makaa vipande vinne na dakika tano na ushei. Wahunzi wa zamani wangesikia hizo dakika tano wangekaa chini.

Mpangilio wake mezani ndio ulionipendeza. Mstari wa juu unaweka mabonge matatu, katikati tofali moja peke yake, chini matofali matatu. Mabonge matatu ni matofali 27, ongeza manne, unapata 31. Ukitazama kwa mbali umekwisha kuiona fuawe yenyewe: kichwa kipana, kiuno chembamba, miguu iliyotanuka. Aliyebuni hapo alikuwa ameiona fuawe ya kweli. Iliingia kwenye mchezo mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza ikawa mkoa, na Bariadi ikapewa makao makuu.

Ikishasimama, inafanya kazi gani? Inaunganisha panga mbili zilizochakaa ziwe mmoja wenye nguvu. Inakirudishia kifaa uhai kwa malighafi yake: kila tofali la chuma linarudisha robo ya uhai wa sururu ya chuma. Inabandika uchawi kutoka kwenye kitabu hadi kwenye kifaa. Inabadilisha jina, na mpwa wangu ana upanga unaoitwa Maswa kwa sababu anazozijua mwenyewe. Na kwa kuwa haielei hewani kama mabonge mengine, vijana huiachia imwangukie adui kichwani. Kutoka mabonge 11 juu inammaliza mtu asiyevaa chochote cha kujikinga.

Malipo yake si fedha, ni ngazi za uzoefu. Unazipata kwa kuchimba, kuyeyusha, kuvua samaki, kupigana. Hapa ndipo nilipoacha kucheka. Mara ya kwanza ukipeleka kifaa kwenye fuawe, unalipa gharama ya kazi tu. Mara ya pili kuna nyongeza ya ngazi 1. Ya tatu nyongeza ni 3, kisha 7, kisha 15, kisha 31. Ya saba ingekuwa 63, lakini hufiki huko, kwa sababu kazi yoyote inayogonga ngazi 40 inakataliwa, yanatokea maandishi mekundu kwamba ni ghali mno. Kifaa kile, hata kiwe kizuri namna gani, hakitengenezwi tena kwenye fuawe.

Mpwa wangu anaona huo ni uonevu. Mimi naona ni jambo la kweli kuliko yote yaliyomo mle, na ushahidi uko ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara kuna mzee mhunzi. Mvua za Novemba zikikaribia, kibanda chake kinajaa majembe ya plau, ule ubapa wa chini unaochimba udongo. Huku kwetu watu wanalima pamba kwa maksai, na mwenye shamba la luseni, udongo wa kichanga, anamaliza ncha ya jembe upesi kuliko mwenye mbuga nyeusi, kwa sababu mchanga unalisaga. Mzee analiweka motoni, analitoa, anaivuta ncha kwa nyundo mpaka inarudi kuwa kali. Lakini ile ncha mpya haikutoka hewani. Chuma kimevutwa kutoka nyuma, na jembe limekuwa jembamba zaidi. Msimu unaofuata analivuta tena. Kila safari kazi inakuwa ngumu, mkaa unaenda mwingi, na bei inapanda kidogo, hadi siku ambayo ukali umesogea karibu na matundu ya boliti na mzee analirudisha kwa mwenyewe. Nilimsikia akisema, “Hapa nitakuwa nafua tundu.” Mteja anavuka barabara kuja kwangu kununua jipya. Mzee akikataa, mimi nauza, sijifichi.

Siku moja nilimtuma mpwa wangu kwake na simu mkononi. Akamwamkia shikamoo, akamwonyesha fuawe ya kwenye mchezo. Mzee akaitazama kwa makini, akauliza nyundo iko wapi.

“Hamna nyundo, babu. Unaweka tu.”

“Na moto?”

“Moto uko kwenye tanuru. Hapa hakuna.”

Mzee akamrudishia simu. “Basi huyo anauza duka, hafui.”

Alikuwa sahihi. Fuawe ya Minecraft inafanya kazi baridi, na kufua chuma ni kuufuata moto. Kwa mzee moto ni wa mkaa, unapulizwa na feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli isiyo na tairi, mkanda wake umekatwa kwenye tyubu. Chuma kinaanza wekundu wa giza, kinakuwa chekundu, kinafika rangi ya chungwa. Hapo ndipo anapiga, mapigo ya haraka, huku mkono wa kushoto unageuza koleo. Kikirudi kwenye wekundu wa giza anaacha, hata kama limebaki pigo moja tu kumaliza, kwa sababu chuma kilichopoa kinapasuka ndani bila kuonyesha nje.

Tena mchezo unachukulia chuma chote ni kimoja. Nondo ya kujengea kwa kawaida ina kaboni kidogo. Ichome, izamishe kwenye maji, bado haiwi ngumu kiasi cha kushika makali. Springi ya lori ina kaboni ya kutosha. Ukiizamisha ikiwa nyekundu inakuwa ngumu hadi inavunjika kama sahani, kwa hiyo inabidi uirudishe kwenye joto dogo ipunguze ukaidi. Ndiyo sababu springi kuukuu hazikai dukani kwangu.

Mchezo unaomkaribia mzee ni mwingine, unaitwa Vintage Story. Huo una nyundo, una moto, na chuma kikipoa mchezaji anakirudisha kwenye makaa. Tena chuma chake kinatoka tanuruni kikiwa donge lenye uchafu, nawe unaugonga uchafu huo mpaka utoke. Hivyo ndivyo kilivyotoka kwenye matanuru ya udongo ya Wahaya kule Kagera, ambako wataalamu walipata mabaki ya uyeyushaji wa miaka kama 2,000 iliyopita, na kwenye ya Barongo wa upande wa Geita na Uzinza. Majembe ya huko yaliingia Usukuma na Unyamwezi katika karne ya 19, yakalima na yakatumika hata kulipia mahari. Baadaye vyuma vilivyoletwa kwa meli kutoka Ulaya vikaua matanuru. Wafuaji hawakufa nayo, kwani chuma chakavu kiliwafuata hadi vibandani, na kinaendelea kuwafuata.

Kuna kitu kimoja cha Minecraft ambacho sikikubali kabisa. Kila ukitumia fuawe, kuna asilimia 12 ya uwezekano kwamba itapata ufa. Ufa wa kwanza, wa pili, wa tatu inatoweka. Kwa wastani inafanya kazi 25 hivi ndio mwisho wake, na hakuna njia ya kuitengeneza. Kwa hesabu hiyo mzee angehitaji fuawe mpya kila asubuhi wakati wa kulima. Yake ni kipande cha ekseli ya lori kilichosimikwa kwenye kisiki cha mkwaju, uso wake umeng'aa, na kisiki kimebadilishwa kabla ya chuma.

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wakitaka kujitegemea huja kuniuliza fuawe. Wengine wanataka kipande cha reli, kwa vile reli inapita Malampaka, wilaya ya Maswa, na wanajua chuma chake ni kigumu. Reli sinunui wala siuzi. Ni mali ya umma na anayekamatwa nayo anajieleza polisi. Ekseli ninazo. Kuichagua hakuhitaji kipimo cha maabara. Natoa gololi kwenye beringi mbovu, naiachia kutoka urefu wa kiwiko iangukie uso wa chuma. Ikiruka na kurudi karibu na mkono wangu, chuma hicho kitarudisha nguvu ya nyundo na mkono wa mpigaji hautachoka mapema. Ikidunda kidogo na kulala, ni chuma laini, kitabonyea kabla ya msimu kuisha. Mpwa wangu sasa ndiye anayewafanyia wateja jaribio hilo. Bei nasema mwenyewe.