Mohoro usajili wameshaufunga, bado dakika za watoto

KAHAWA ya asubuhi Mohoro haijapoa, Mohamed Hussein 'Tshabalala' ameshahamishwa kwenda Yanga, akarudishwa Simba, kisha akapelekwa tena Yanga. Mwenye birika anamimina tu. Kashata zinapungua kwenye sinia, ubishi ndiyo kwanza unapanda.

Hii ilikuwa Septemba 2025, ya pilikapilika. Fainali za CHAN tulizoandaa pamoja na Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha Agosti 30. Simba Day ilikuwa Septemba 10, Wiki ya Mwananchi Septemba 12, halafu Septemba 16 watani walikutana kwenye Ngao ya Jamii pale kwa Mkapa. Siku iliyofuata Ligi Kuu ya NBC ilianza. Kwa mashabiki wa huku Rufiji, hizo ndizo zilikuwa siku tamu kuliko zote, maana hakuna aliyekuwa amefungwa bado. Kila mtu kikosi chake kilikuwa bingwa.

Mohoro iko kusini ya Mto Rufiji, jirani kabisa na delta. Ni mji wa zamani. Wajerumani waliweka boma hapa, na hapa ndipo walipomnyonga Kinjikitile Ngwale mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipokuwa ndiyo vinaanza. Leo ukitaja vita Mohoro, watu wanauliza kwanza: ya beki wa kushoto au ya namba tisa?

BEKI MMOJA, KIJIWE KIMEPASUKA

Hoja ya kwanza ni hiyo ya Tshabalala. Huyu alitua Msimbazi mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar. Alikaa miaka 11, akavaa kitambaa cha unahodha, halafu mwaka 2025 akavuka kwenda Jangwani. Kwa Mwanasimba wa hapa, huo si usajili, ni msiba. Kwa Mwananchi, ni sherehe isiyohitaji hata mechi ya kirafiki.

Lakini ukikaa ukasikiliza vizuri, utagundua Wanasimba wa huku hawalii sana. Wana jibu lao: Anthony Mligo. Kijana ametoka Namungo, timu ya Ruangwa mkoani Lindi. Na mtu wa Mohoro akiiona Namungo, anamuona jirani. Basi linaloipeleka timu hiyo Dar es Salaam linapita Barabara ya Kilwa, hiyo hiyo anayoipita yeye akipeleka mchele na maembe Mbagala. Kwa hiyo Mligo kwao si jina la kwenye karatasi tu. Ni kijana wa upande huu wa mto.

Yanga nao wanajibu: sawa, kijana mzuri, ila mtampanga? Simba si mmemleta na Naby Camara kutoka Guinea, naye anacheza kushoto? Hapo Mwanasimba anavuta kahawa kidogo kabla ya kusema neno. Ndiyo swali lenyewe hilo. Kusajili chipukizi ni jambo moja, kumpa dakika ni jambo jingine.

Orodha ya wazawa wapya ilikuwa ndefu mwaka 2025. Simba imemchukua Hussein Semfuko kutoka Coastal Union. Imemrudisha nyumbani kiungo Morice Abraham, mmoja wa wale Serengeti Boys wa AFCON ya vijana ya 2019 iliyofanyika hapa hapa nchini, ambaye baadaye alikwenda kutafuta maisha Serbia. Yanga imevuka bahari mpaka Zanzibar ikamchukua Abdulnasir Mohamed 'Casemiro' kutoka Mlandege, na kutoka Singida Black Stars ikamchukua Edmund John.

Majina hayo yote yamepigiwa makofi siku ya utambulisho. Makofi hayo yanadumu mpaka lini? Mara nyingi mpaka sare ya kwanza.

MZIZE HAKUSHUKA NA MVUA

Ukitaka kuunyamazisha ubishi wa chipukizi Mohoro, taja jina la Clement Mzize. Hata Mwanasimba mkali atakubali, ingawa atakubali huku anaangalia pembeni.

Mzize alipandishwa Yanga kutoka timu ya vijana mwaka 2022, enzi za kocha Nasreddine Nabi. Mbele yake alikuwepo Fiston Mayele, mtu aliyekuwa anafunga na kutetema. Mayele akaenda Pyramids ya Misri mwaka 2023. Yanga ikaleta washambuliaji wengine kutoka nje, mmoja baada ya mwingine. Kila dirisha likifunguliwa, kijana aliambiwa kwa vitendo kwamba bado hajatosha.

Na wengi wetu tuliitikia. Tusikanushe. Kuna siku alikuwa anakosa mabao mpaka watu kwenye vibanda umiza wanasimama na kutoka nje. Waliodai arudishwe kwa vijana au apelekwe kwa mkopo walikuwa wengi kuliko wanaokiri leo.

Makocha hawakumtoa. Wakaendelea kumpa dakika 20, dakika 30, halafu mechi nzima. Januari 2025 akaifunga TP Mazembe mabao mawili kwa Mkapa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga ikashinda 3-1. Msimu ukaisha ana mabao 14 ya ligi, nyuma ya Jean Charles Ahoua wa Simba aliyekuwa na 16. Agosti 2025 kwenye CHAN, Taifa Stars ilipoifunga Madagascar 2-1, mabao yote mawili yalikuwa yake.

Kijiwe kikawa kinabishana kama auzwe nje au abaki. Mwaka 2022 hakuna aliyekuwa anauliza swali hilo. Kilichobadilika si kipaji chake, hicho alikuja nacho. Alipewa muda wa kukosea.

KOSA LA BABATI

Upande wa pili kuna Ladack Chasambi, winga aliyetoka Mtibwa Sugar, akasajiliwa Simba Januari 2024. Mtibwa si timu ya kubeza kwa kulea watoto, hata Dickson Job wa Yanga alitokea huko huko.

Februari 2025 Simba ilikwenda Babati kucheza na Fountain Gate. Ikiwa inaongoza 1-0, Chasambi akarudisha pasi kwa kipa wake, mpira ukaenda moja kwa moja wavuni. Mechi ikaisha 1-1. Kwenye mbio za ubingwa zile, pointi mbili zilikuwa dhahabu.

Ukimuuliza Mwanasimba wa Mohoro, wengine mpaka leo hawajamsamehe. Hapa ndipo wazee wa kijiweni huwa wanaingilia. Hoja yao ni nyepesi: mchezaji mkubwa anayelipwa fedha nyingi akifanya kosa lile lile, tunasema bahati mbaya. Mtoto akifanya, tunasema hana uwezo. Mizani gani hiyo?

Tufanye hesabu kidogo. Ligi yetu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30. Hizo ni dakika 2,700 kwa msimu. Kanuni ya msimu wa 2025/26 iliruhusu klabu kusajili wageni 12. Timu zote zikijaza, ni wageni 192. Hakuna ubaya. Wageni wameinua ligi, na Simba isingefika fainali ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2024/25 bila wao. Lakini dakika haziongezeki. Kila dakika unayompa aliyekamilika, umemnyima anayejifunza. Kocha anayejua kwamba sare mbili zinamfukuza kazi, atampanga nani?

Na anayemfukuza kocha ni nani, kama si kelele zetu sisi mashabiki?

MKAPA WAWILI

Watu wa Mohoro wana msemo wao wa utani, kwamba ili ukaione Simba na Yanga lazima uvuke Mkapa mmoja uende kwa Mkapa mwingine. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo mto ulikuwa unavukwa kwa kivuko, na masika yakikolea safari inaishia kandokando. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2007, unaingiza watu 60,000.

Barabara iliyo katikati ya Mkapa hao wawili inapita Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, halafu inaingia Mbagala. Na Mbagala ndipo alipokulia Mbwana Samatta. Timu iliyomtoa, African Lyon, ilianza ikiitwa Mbagala Market. Kutoka hapo alikwenda Simba mwaka 2010, TP Mazembe mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na Aston Villa mwaka 2020.

Kwa hiyo mtoto wa Mohoro na Samatta wanatazama barabara moja. Tofauti ni kwamba Samatta alikuwa mwisho wa barabara, karibu na wenye macho. Mtoto wa Mohoro yuko mwanzo wake, kilomita zaidi ya 150 kutoka hapo.

Mbagala na Temeke zimejaa Wandengereko na Warufiji waliokwenda kutafuta maisha, na wengi ni mashabiki wakubwa wa timu hizi mbili za Kariakoo. Damu ya delta iko kwenye majukwaa muda mrefu. Suala ni kuiona na uwanjani.

MTOTO WA DELTA ANATOKEA WAPI?

Njia rasmi ipo. Shule za msingi kuna UMITASHUMTA, sekondari kuna UMISSETA. Nje ya shule kuna ligi ya wilaya, ya mkoa, ligi ya mabingwa wa mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Kwenye karatasi ni ngazi nzuri kabisa.

Sasa ipande ukiwa delta. Vijiji vya visiwani vinafikika kwa mashua na mitumbwi. Mechi ya ugenini inasubiri maji yajae ndipo chombo kipite kwenye mikono ya mto, na mkichelewa kumaliza, maji yamekupwa, mnalala huko huko. Nauli, mafuta ya mashine, chakula cha wachezaji 18, vyote hivyo vinatoka mifukoni mwa wavuvi na wakulima.

Halafu kuna mto wenyewe. Aprili 2024 Rufiji ilifurika, maji yakaingia kwenye nyumba na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwemo. Watu walihama na watoto mgongoni. Mafuriko hayachagui, yakipita kwenye mpunga yanapita na kwenye uwanja. Mahali ambapo mtu anatafuta kwanza pa kulala, ligi ya vijana inasubiri.

Ndiyo maana ubishi wa chipukizi hapa si wa kupoteza muda kama unavyoonekana. Mzee anayetetea Mligo apangwe hatetei Mligo peke yake. Ana mjukuu anayecheza pekupeku jioni, anayejua kukokota mpira kuliko kaka zake. Anataka kujua kama mlango upo. Mligo akisugua benchi msimu mzima, mzee anapata jibu. Mjukuu atapewa jembe au nyavu, mpira utabaki wa jioni.

Klabu kubwa zikiamua kutuma mtu kutazama UMISSETA ya wilaya hizi, gharama yake haifiki hata kipande cha fedha ya usajili wa mchezaji mmoja wa kigeni. Halmashauri zikiwa na viwanja viwili vitatu juu ya ardhi isiyofikiwa na maji, ligi haitakufa kila mto ukichafuka. Hayo hayahitaji mjadala wa kitaifa. Yanahitaji mtu mwenye nauli na daftari.

TULICHOSUBIRI SEPTEMBA

Septemba hiyo kijiwe kilikuwa kimeshahamia hoja nyingine. Jonathan Sowah aliyetoka Singida Black Stars angeifungia Simba mangapi? Yanga ingemkumbuka Stephane Aziz Ki aliyekwenda Wydad au ilikuwa imeshamsahau? Feisal Salum alibaki Azam, je, Ibenge angemtumiaje? Majibu yote yalipatikana Mohoro, bure, ilimradi ununue kahawa.

Septemba 16 vibanda umiza vilitazamiwa kujaa. Waliouza mazao vizuri wangevuka daraja wakaione Ngao kwa macho yao. Wengine wangekaa kwenye mabenchi ya mbao, jenereta ikiunguruma nyuma, watoto wakichungulia kwenye matundu ya makuti kwa sababu hawana kiingilio.

Mligo, Semfuko, Morice au Casemiro akiingia siku hiyo au nyingine, akapoteza mpira wa kwanza, usiwe wa kwanza kusimama na kupiga kelele. Nyuma yako kwenye makuti kuna mtoto anasikiliza tunavyomsema aliyemtangulia.