Kupima Uimara wa Jumuiya: Funzo kutoka Kariakoo

Katika makala hii fupi twakusudia kueleza jinsi uimara wa jumuiya unavyoweza kupimwa mahali ambapo majirani wa mchana si majirani wa usiku.

Mwaka 1997 Deepa Narayan na Lant Pritchett wa Benki ya Dunia walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa vijijini Tanzania mwaka 1995. Watu waliulizwa wamo katika vikundi vingapi, vikundi hivyo ni vya namna gani, na kama huwaamini wenzao. Ilionekana kwamba palipokuwa na ushirika imara, kaya zilikuwa na hali bora zaidi ya maisha.

Je, kipimo hicho chafaa Kariakoo? Huko nyumba nyingi za Kiswahili zimepisha maghorofa ya maduka, na wengi hufika asubuhi kutoka Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto na kurudi jioni. Orodha ya balozi wa nyumba kumi, sawa na daftari la usharika, huhesabu makazi. Kwa hiyo huwakosa watu hawa.

Hata hivyo wao si watu wasio na jumuiya. Mchuuzi hupewa mali kauli, yaani huchukua bidhaa bila fedha mkononi, kwa ahadi ya kulipa akishauza. Wengine hucheza upatu au wamo katika vyama vya kuzikana. Hapa idadi ya wanachama haitoshi. Yatupasa kuuliza: anayeugua huchangiwa na nani? Mgeni asiye na ndugu sokoni huaminiwa na nani? Maana kikundi chaweza kuwa imara ndani yake, na bado kikamfungia mlango mtu wa kabila jingine.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Miongoni mwa waliotangulia kuokoa walikuwa wafanyabiashara na wapita njia. Ushirika huo hata hivyo haukuondoa haja ya ukaguzi; baada ya ajali Serikali iliunda tume ya kuchunguza majengo ya eneo hilo. Jumuiya imara huokoana, tena hudai haki ya kutohatarishwa.

Katika Luka 10 jirani hutambulikana kwa tendo, siyo kwa makazi. Basi mchungaji wa mjini, pamoja na kuhesabu waliohudhuria ibada, na aulize pia ni nani angeitwa kwanza siku ya msiba.