Rejista Kongwe, Mwaka Karimu na Mtu Aliyekosa Sensa Nne

Errol ni kijiji cha Perthshire, Uskoti, kati ya Perth na Dundee. Rejista yake ya ubatizo inaanza 1553, miaka 7 kabla Bunge la Uskoti halijavunja uhusiano na Papa, na hakuna parokia nyingine nchini humo yenye rejista kongwe kuliko hiyo. Leo mjukuu wa Waskoti aliyezaliwa Toronto au Nairobi anaweza kufungua tovuti ya ScotlandsPeople, inayosimamiwa na hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Edinburgh, akapekua picha za rejista za zamani akiwa nyumbani kwake.

Kongwe, lakini si karimu. Rejista hizo za parokia, zinazokoma 1854, zilikuwa mali ya Kanisa la Uskoti. Familia zilizojitenga nalo, hasa baada ya mifarakano ya 1733 na 1843, mara nyingi hazimo. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza peni 3 kwa kila ubatizo, ndoa au maziko yaliyoandikwa, na wazazi maskini wakaona heri mtoto asiandikwe. Kuna makarani ambao hata jina la mama hawakulitaja.

Kwa hiyo ukiniuliza mwaka bora kuliko yote kwa mtafuta nasaba, nitasema 1855 bila kusita. Ndipo serikali ilipoanza yenyewe kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, miaka 18 baada ya Uingereza, na fomu ya kwanza iliuliza maswali ambayo hakuna fomu iliyofuata iliyoyauliza yote. Cheti cha kuzaliwa kilitaka umri wa wazazi, walikozaliwa, walifunga ndoa lini na wapi, na wana watoto wangapi wengine, walio hai na waliokufa. Cheti cha kifo kilitaja mahali marehemu alipozaliwa, mwenzi wake wa ndoa, watoto wake na umri wao, wazazi wake, na alipozikwa. Bibi wa miaka 80 aliyefariki mwaka huo alizaliwa yapata 1775. Kwa ukurasa mmoja tu unapata vizazi vitatu. Makarani walielemewa na kazi, na ulipoingia 1856 maswali mengi yakaondolewa. Kama babu yako Mskoti hakuzaliwa wala kufa mwaka 1855, tafuta ndugu zake, hata yule mdogo ambaye hakuna anayemkumbuka: wazazi wao ni wale wale.

Jambo moja halikuondolewa, nami nalithamini kuliko mengine yote. Cheti cha kifo cha Uskoti kiliendelea kumtaja mama wa marehemu kwa jina la ukoo alikozaliwa, wakati cha Uingereza hakikuwataja wazazi wa mtu mzima. Wanawake wa Uskoti hawapotei ndani ya majina ya waume zao, na nasaba ya upande wa mama inafuatika kwa urahisi ambao mtafiti wa nchi jirani huutamani.

Sensa zenye majina ya watu wote zinaanza 1841, na rekodi ya kuzikosa ningempa mtu anayejulikana sana Ujiji na Bagamoyo. Mmisionari David Livingstone alizaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, mwaka 1813, akapanda meli ya kwenda Afrika Desemba 1840. Sensa ya Juni 1841 ilimkuta ameshafika huku. Ya 1851 ilimkuta kusini mwa Afrika. Ya 1861, kwenye safari yake ya Zambezi na Ruvuma. Usiku wa sensa ya 2 Aprili 1871 alikuwa Nyangwe, Manyema, katika Kongo ya leo, akihangaika kutafuta mitumbwi ya kuvukia mto Lualaba. Mara mbili alirudi nyumbani kwa likizo, na mara zote mbili katikati ya sensa. Baba yake, Neil, alifariki Februari 1856, wiki chache tu baada ya ile fomu karimu kufutwa.

Hasara kubwa kuliko zote ya nyaraka za Uskoti ilitokea baharini. Jeshi la Kiingereza la Cromwell lilipoishinda Uskoti, nyaraka za taifa zilihamishiwa London. Mwaka 1660 shehena ya nyaraka hizo ilikuwa ikirudishwa nyumbani ndipo dhoruba ikaizamisha meli ya Elizabeth karibu na pwani ya Northumberland, pamoja na mapipa yake yote ya karatasi.

Zenye siri nyingi kuliko zote ni kumbukumbu za mabaraza ya wazee wa kanisa, ambazo picha zake zilianza kuwekwa mtandaoni 2021. Binti aliyeshika mimba nje ya ndoa aliitwa mbele ya wazee na kubanwa amtaje baba wa mtoto. Ilikuwa aibu kubwa, na mara nyingi hakuna mahali pengine jina la baba huyo lilipoandikwa. Mwandiko ni mgumu, nawe itakubidi usome ukurasa kwa ukurasa.

Sensa mpya kuliko zote iliyo wazi ni ya 1921, iliyofunguliwa Novemba 2022, kwa kuwa majina hufungwa kwa miaka 100. Inayofuata ni ya 1931. Ile ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto Desemba 1942. Ya Uskoti ilikuwa imehifadhiwa Edinburgh, ikasalimika. Mwaka 1941 hapakuwa na sensa kwa sababu ya vita, hivyo baada ya hiyo itabidi kungojea ya 1951.