Saini ya Nani Hufanya Hati Kuwa Halisi?

Mkazi wa Piyaya anayetafuta ajira anaujua utaratibu: cheti cha kuzaliwa kinabaki nyumbani, nakala kivuli inapelekwa kwa wakili kugongwa mhuri na kusainiwa. Inabaki kuwa kivuli kilichothibitishwa, kwa sababu wakili hakukitoa cheti kile. Katika malipo ya biashara ya nje kwa barua ya dhamana ya benki, maarufu kama LC, swali ni hilohilo: nani kasaini? Muuzaji wa kahawa ya Karatu anayelipwa kwa njia hiyo hulipwa kwa hati: ankara, hati ya shehena, cheti cha asili ya bidhaa. Benki haikagui magunia.

Kwa miaka kadhaa kanuni ziliitazama mashine badala ya mtu. Kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara, UCP 500, zilizoanza kutumika 1994, zilitaka hati iliyotoka kwenye fotokopi au kompyuta iandikwe kwamba ni halisi. Katika kesi ya Glencore dhidi ya Bank of China, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikikataa cheti cha muuzaji mwenyewe: kilikuwa fotokopi yenye saini yake ya kalamu, lakini hakikuwa na neno hilo. Kwangu, huko kulikuwa kumwadhibu mtu mwaminifu. Mwaka 1999, katika kesi ya Kredietbank dhidi ya Midland, mahakama hiyohiyo ililegeza msimamo, na UCP 600, tangu 1 Julai 2007, imeweka wazi katika kifungu cha 17: hati yenye saini, mhuri au alama inayoonekana kuwekwa na mtoaji wake ni halisi, isipokuwa yenyewe ionyeshe vinginevyo.

Wapo wanaohofia kwamba ulegevu huu unawafungulia mlango waghushi. Lakini anayeweza kughushi saini hashindwi kuandika neno “ORIGINAL”. Sharti la zamani halikumzuia. Kinachosaidia ni kuuliza kampuni ya meli kama kweli imepakia mzigo. Tena hatari kubwa iko kwenye idadi: hati ya shehena hutolewa mara nyingi kwa nakala halisi tatu, na moja tu yaweza kutosha kuchukulia mzigo bandarini. Ndiyo maana benki hudai zote tatu kabla ya kulipa.